Aliyeishika Propela Matema

Usiniambie niliota. Wengi mambo haya huwakuta usiku, tena wakiwa wamelewa. Mimi yalinikuta saa tisa mchana, jua linawaka, na tumboni nina wali na maharage tu. Kama unataka kucheka, cheka kabisa umalize, kisha unisikilize.

Mimi ni fundi wa injini, gereji yangu iko Soweto, Mbeya. Ndiyo, ni mwanamke, na nimechoka kuulizwa. Mwaka jana nahodha mmoja aliniita Matema, Ziwa Nyasa. Boti yake ilikuwa inatoka Ikombe na vyungu vya mama mmoja vya kupeleka gulioni, ikagonga mwamba, propela ikapinda. Kuivuta nchi kavu na mzigo ule haikuwezekana. Nikasema basi, naibadilisha humohumo majini. Tukahamishia vyungu mbele ili nyuma inyanyuke kidogo. Wavuvi ufukweni wakaanza maneno: mwanamke haingii chini ya boti, ziwa litakasirika. Nikawajibu likikasirika lije tuongee.

Sasa elewa kitu kimoja. Ili shafti, mhimili wa propela, isizunguke wakati unafungua nati, injini unaiacha kwenye gia. Mtu akiwasha tu, propela inazunguka, na wewe umeikumbatia. Ndiyo maana ufunguo wa kuwashia injini niliuvaa shingoni kabla ya kuzama.

Nikaifunga propela kamba isije ikapotea, nikachomoa pini, nikaanza na nati. Napanda kuvuta pumzi, nashuka tena. Mara ya nne, mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye mapanga ya propela, nikasikia stata ya injini inalia. Niamini, nilijua nimekufa. Nilimwona mwanangu akiwa na sare za shule, basi.

Propela ikatetemeka. Haikuzunguka. Kuna mkono ulikuwa umeishika.

Mkono wa mwanamume, wenye overoli ya bluu iliyofungwa kifungo kwenye kifundo cha mkono, kidole cha mwisho hakipo. Maji ya Nyasa yanaonyesha mpaka mchanga wa chini, kwa hiyo usiniulize kama niliona vizuri. Juu ya bega hapakuwa na mtu. Injini ikakoroma, ikazimika.

Nikaibuka natapika maji. Wote walikuwa ndani ya boti, wakavu. Nahodha ameshika ufunguo wa pili.

"Samahani dada fundi, nilikuwa najaribu betri tu."

Kujaribu betri! Nilimtukana matusi ambayo Jumapili niliyatubu kanisani, ingawa si yote.

Mama mwenye vyungu akaniinamia. "Mwanangu, umeona nini huko chini?"

Nikamweleza overoli, kifungo, kidole. Akajishika mdomo.

"Jamani! Huyo ni fundi aliyekuja kutengeneza boti hii kabla yako. Sisi tuliambiwa ziwa limemchukua."

"Siku ile pia ulikuwa na ufunguo wa pili?" nikamuuliza nahodha. Akautia mfukoni haraka.

Nikampokonya ule ufunguo, nikachomoa waya wa betri, nikarudi majini. Unadhani sikuogopa? Niliogopa. Lakini yule fundi hakuachwa amalize kazi yake, na mimi sikutaka iachwe nusu mara ya pili. Nilitoa propela mbovu, nikafunga mpya. Mkono sikuuona tena. Nilimshukuru hivyohivyo, kimoyomoyo, nikamwita kaka.

Tangu siku hiyo kiganja changu cha kulia kinakuwa cha baridi kila nikishika spana, na hata nikiwa jikoni karibu na moto, nikiikumbuka tu siku ile. Nimezoea. Nilikwenda polisi, nikasema pia kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya nahodha mwenyewe. Yeye mpaka leo anasema ni ziwa, na wapo wanaomwamini na kuniita mchawi. Waniite. Nitarudi nikaseme tena.

Na wewe, fundi akizama chini ya boti yako, mpe funguo zote na uchomoe betri. Akifa, usije ukanisimulia habari za maji yenye hasira. Ziwa haliwashi injini.