Namba ya mume wangu ilipopata tiki mbili, ndipo nilipoielewa black hole

Heshima zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimechoka kunyamaza. Haya yamenipata mwenyewe na sitii chumvi. Mwenye kejeli apite tu.

Nafundisha fizikia sekondari, hapa Kibiti. Mume wangu, Hamisi, ni mtu wa Mbwera, kazi yake ilikuwa kusafirisha mpunga kwa boti ya injini kutoka visiwani.

Masika yaliyopita boti yake ilikutwa imepinduka kwenye mikoko. Yeye hakuonekana. Ndugu zake walizamia, wakapekua kila kijito, wapi.

Bila maiti hakuna kaburi. Bila kifo kuthibitika hakuna eda. Shehe wetu aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hukumu ya huyu ni ya mtu aliyepotea. Ukoo wakiridhia kuwa amefariki, tutalipeleka kwa kadhi. Wasiporidhia itabidi ungoje."

Nikawa si mke, si mjane.

Kwenye shughuli za wanawake hawajui wanikalishe wapi. Wanaume wa stendi nao wameanza kuniita majina. Niseme ukweli, niliitamani eda. Nilitaka nikae ndani, nilie kama wenzangu wanavyolia, halafu siku moja nitoke.

Kila asubuhi nilimtumia salamu WhatsApp. Tiki moja. Last seen ilibaki ileile ya siku aliyoondoka, na picha yake ya profile anacheka.

Hapa niwatoe nje kidogo, mtanisamehe, ndiyo kazi yangu.

Mtu akitumbukia kwenye black hole, lile shimo jeusi la angani, wewe uliye nje humwoni akizama. Unamwona anapunguza mwendo pale ukingoni, anafifia, kama ameganda. Kumbe mwenzako ameshapita zamani. Haipo kwenye silabasi, ila wanafunzi huniuliza kila mwaka na mimi hupenda kuwajibu.

Wataalamu wanaongeza kwamba habari za kilichozama hazipotei. Wapo wanaosema za ndani zote zimeandikwa juu, kwenye uso wa hilo shimo. Na shimo likiyeyuka polepole, habari zinatoka tena. Wakuu, hiyo hoja ndiyo ilikuwa inanipa usingizi.

Mpunga ulipovunwa, mama mkwe akaanza kulainika. "Haya mwanangu, mwezi ukiandama twende kwa shehe." Nililia kwa shukrani.

Wiki hiyohiyo niko staff room nasahihisha, nikachungulia simu.

Tiki mbili.

Nilimpigia mama mkwe kabla hata sijakaa vizuri. Kule Mbwera vikapigwa vigelegele, kuku wakachinjwa, ikasomwa dua. Namsikia kwenye simu anapiga kelele, "Si nilikwambieni! Mwanangu yu hai!"

Jioni jibu likaja: "Samahani, nani mwenzangu? Laini hii nimesajili juzi." Na profile ni ya binti mwenye miwani ya jua, kajipiga picha kwenye kioo.

Hakuna muujiza hapo. Laini ilikaa bila kutumika, ikafungwa, akapewa mtu mwingine. Nilipanda boti mpaka Mbwera kumweleza mama mkwe uso kwa uso. Akaishika simu, akaitazama ile picha muda mrefu.

"Kumbe ndiye huyu aliyemchukua mwanangu."

Nikampigia binti, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Akaapa hamjui Hamisi. Mama mkwe akacheka kwa uchungu. "Ulitaka aseme nini? Akwambie ndiyo, ninaye hapa?"

Basi ikawa imetoka hiyo. Kuanzia Umwe mpaka Nyamwage wanajua mume wa madam yuko mjini kwa mke mdogo. Ukoo haukuridhia. Shehe kasema ningoje.

Wakuu, nina hasira. Mtu aliyekufa akitutafutia riziki leo anaitwa mhuni, na aliyemzaa ndiye anayesema. Na siwezi hata kumchukia, kwa sababu mhuni aliye hai kwake ni bora kuliko mwana mwema aliyezama.

Wale wataalamu hawakudanganya. Habari zinatoka, ila zinatoka zimevurugika kiasi kwamba hakuna wa kuzisoma. Ndoa yangu yote ya ndani imesomwa kwa picha moja ya juu.

Nilichojifunza ni kwamba tiki mbili maana yake simu imepokea, si mtu. Kama humu kuna aliyepitia haya au anayejua njia ya kwa kadhi ukoo ukigoma, aniandikie hapa chini, nitasoma yote.

Na wewe dada mwenye namba, kama umo humu. Najua salamu zangu za asubuhi zinakukera. Nakuomba usiniblock. Wenzangu wanakwenda makaburini kuwasalimia watu wao. Mimi nina hiyo namba tu.