Siku Niliyosema Naijua Apache

Aibu hii nimekaa nayo miaka, na kama rafiki yangu Wekesa asingeanza kuisimulia kwa watu huku anaongeza chumvi zake (eti nilivaa mpaka kinga za plastiki za magotini, mwongo mkubwa yule), nisingefungua mdomo, lakini kwa kuwa imeshatoka basi bora niitoe mwenyewe, yote, mcheke mara moja tuyamalize.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu nilikuwa Doha, mlinzi. Tulikuwa tunalala Industrial Area, chumba kimoja watu sita, basi la kampuni linatuchukua alfajiri na kutumwaga mmoja mmoja kwenye malindo yetu. Lindo langu lilikuwa Al Sadd, kwenye jengo la ghorofa tatu la kampuni moja iliyokuwa inauza tiketi za ndege na safari za mapumziko kwa mtandao. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango wa kioo, kusalimia, kuandika majina ya wageni na kusimama. Jamani, kusimama ni kazi. Unasimama mpaka unawaonea wivu watu walioketi kwenye picha ukutani.

Kabla ya hapo, kwetu Morogoro, nilikuwa dereva wa bodaboda, na pikipiki yangu ilikuwa Apache. Sasa, wenzangu wengi pale kijiweni walikuwa na pikipiki za kawaida tu, mimi nikawa na Apache nyekundu, tangi limechongoka kama kifua cha jogoo, na nilikuwa naisifia mpaka watu wananihama. Shikeni hapo.

Alhamisi moja mchana, bosi wa ofisi ile, Mlebanoni mmoja aitwaye Nabil ambaye sote tulimwita mudir, yaani meneja kwa Kiarabu, akashuka ngazi mbiombio, simu sikioni, karatasi mkononi, jasho limemtoka kama aliyekimbizwa. Yule kijana wao wa kompyuta, Biju, alikuwa ameenda kwao India kuoa. Mudir akasimama katikati ya ukumbi wa mapokezi akauliza kwa sauti: "Nani humu ndani anaijua Apache?"

Joy, dada wa Kifilipino aliyekaa mapokezi, alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, hakusikia. Mfagiaji akainamisha kichwa. Mimi nikiwa mlangoni na sare yangu nikahisi moyo umeruka. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kunyamaza. Ningenyamaza tu, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Nikanyoosha mkono.

"Mimi, bosi. Naijua sana."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe?"

"Miaka minne nimekuwa nayo, bosi, kila siku."

Akanivuta ofisini kwake, akaketi, akaanza kunihoji huku anasoma maswali kwenye ile karatasi aliyoiacha Biju. (Tulikuwa tunaongea Kiingereza chetu cha Doha, nusu Kiarabu nusu mikono, mimi hapa nawatafsiria.) Na naomba mjue jambo moja: mudir naye alikuwa haijui hiyo Apache. Angekuwa anaijua, mahojiano yale yasingefika swali la pili.

"Ulikuwa unatumia toleo gani?"

"Mia na themanini, bosi. Ile ya kwanza ilikuwa mia na sitini."

Akaandika. "Ikizidiwa na mzigo, inakuwaje?"

"Inapata moto. Unaipumzisha kidogo, unapunguza mzigo, inarudi sawa."

Akasoma karatasi, akaitikia kwa kichwa taratibu, uso unaanza kung'aa. "Na ikianguka?"

"Ah, imeanguka na mimi mara nyingi tu. Hakuna kuogopa. Unaizima, unatulia, unaiwasha upya."

"Ndivyo Biju alivyoandika!" Akapiga meza. "Na usalama? Wezi?"

"Bosi," nikamwambia, na hapa nilisema kweli tupu, "mimi nilikuwa nalala nayo chumba kimoja."

Mudir akainuka akanishika mabega. Nadhani alikuwa karibu kulia. "Analala nayo!" akasema peke yake kwa Kiarabu, kisha akanipa habari: Jumapili saa nne asubuhi mwenye kampuni, Abu Khalid, anakuja na wageni wake kuzindua huduma mpya, ukumbini kutakuwa na skrini kubwa, na mimi nitakuwa msimamizi wa Apache siku hiyo, na mambo yakienda vizuri tutaongea habari ya kazi ya kudumu, ya kukaa. Ya kukaa! Nilitoka mle ndani naelea. Akili yangu ilishajijibu: kampuni inaanzisha huduma ya kupeleka tiketi majumbani kwa pikipiki, na mimi ndiye nitakayeiingiza ukumbini mbele ya wageni, vruum, watu wapige makofi.

Kosa langu la pili lilikuwa kumpigia simu mke wangu, Mwanaidi. Nilimwambia nimepanda cheo, mimi sasa ni msimamizi wa Apache. Mwanaidi akapiga kigelegele palepale, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kwa baba yake, Mzee Mkude, mtu ambaye tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniuliza swali lolote zaidi ya "hujambo". Akanipigia mwenyewe. "Nasikia umekuwa mkubwa huko," akasema. Nikasema ndiyo, baba. Ningefanyaje?

Ijumaa tulikuwa mapumziko, tumezunguka sinia la wali chumbani, nikawaeleza wenzangu. Wekesa wa Bungoma, naye mlinzi, akaacha kutafuna.

"Manze, Rajabu, Apache ni helikopta. Ile ya vita, iko na makombora hapa kando. Sasa wewe unaenda kuendesha helikopta na leseni ya boda?"

"Ni pikipiki," nikasema.

"Ni kabila, yakhe," akadakia Makame, Mzanzibari aliyekuwa dereva wa familia moja kule Umm Salal na Ijumaa huja kula kwetu. "Ni watu kabisa hao, wenyeji wa Marekani, wapo tangu zamani. Hizo pikipiki na ndege zenu zimechukua jina lao tu, tena sijui kama waliombwa."

"Na shemeji yangu Amerika anaishi barabara inaitwa Apache," Wekesa akasema. "Nimemwandikia bahasha mimi mwenyewe, Apache Road. Labda unapelekwa kufagia barabara."

Tukabishana mpaka wali ukapoa. Pikipiki, helikopta, kabila, barabara, kila mtu na Apache yake, na katika vichwa vyote vile hakuna hata kimoja kilichotaja kompyuta. Mwisho wakaamua kwamba pikipiki ndiyo yenye akili zaidi, na Makame akaniazimia helmeti kwa Mnepali mmoja wa chumba cha pili aliyekuwa anapeleka vyakula.

Jumapili nikaingia ofisini saa tatu na nusu: helmeti kichwani, glavu, jaketi linalong'aa, buti nimezipiga rangi mpaka zinaonyesha dari. Ukumbi umejaa mabwana wa suti na wenye kanzu nyeupe, juisi za kila rangi, maua. Mudir aliponiona alishtuka kidogo.

"Helmeti ya nini?"

"Usalama, bosi."

Akafikiri, kisha akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayejifunza jambo jipya. Akanipeleka ghorofa ya juu, akafungua chumba kidogo chenye baridi kali, ndani kuna makabati meusi yenye vitaa vinavyokonyeza na nyaya kama mchicha. "Apache yako hii hapa," akasema.

Nikachungulia nyuma ya kabati la kwanza. Nikachungulia nyuma ya la pili. "Iko wapi, bosi?"

Akacheka sana, akanipiga begani, akidhani namtania, akashuka zake kwa wageni.

Nilibaki peke yangu mle ndani nikikagua makabati, na kwenye kabati moja palikuwa na kikaratasi kimebandikwa, kimeandikwa kwa kalamu ya wino: APACHE. Hapo ndipo nilipoelewa: Apache yao ni ya kompyuta (baadaye nilikuja kuambiwa ni programu inayoipeleka tovuti yao kwa wateja). Na hapo pia palikuwa na nafasi, ya pili hiyo, ya kushuka ngazi na kusema bosi nisamehe, tumepishana lugha. Lakini nikamkumbuka Mzee Mkude na ile sauti yake ya "umekuwa mkubwa huko", nikajiambia hiki kidude kinafanya kazi, vitaa vinawaka, mimi nikisimama tu hapa bila kugusa kitu (na kusimama ndiyo taaluma yangu) itafika saa sita na kila mtu atakwenda zake.

Saa nne na dakika chache redio yangu ya mkononi ikakoroma. Ilikuwa sauti ya mudir: "Rajabu! Apache imeanguka! Skrini haionyeshi kitu! Iwashe upya!"

Sasa, nisichokijua ni kwamba mudir alikuwa ameshika redio mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine, vyote vimekaribiana, kwa hiyo kila nilichosema mimi kilikuwa kinatoka kwenye spika za ukumbi mzima.

"Bismillah," nikasema. Ukumbi ukasikia bismillah. "Bosi, hii ya kwenu kiki yake iko wapi?"

Mudir akauliza: "Nini?"

"Kiki, bosi. Ya kupigia kwa mguu. Au inawaka kwa funguo?" Nikasikia kitu kama kelele za watu kwa mbali, nikadhani ni mawimbi. "Na mafuta yamo? Mara nyingine ni mafuta tu."

Joy aliniambia baadaye kwamba bwana mmoja mnene alishindwa kumeza juisi yake, ikamtoka puani. Mimi huku juu nimechanganyikiwa, natafuta popote pa kuwashia, na ukutani karibu na mlango nikaona kitufe. Chekundu, kikubwa, kizuri, kimefunikwa na kifuniko cha plastiki, kama kile cha kuwashia pikipiki ila hiki cha kishua. Nikasema, "Bosi, nimeipata!" Ukumbi ukapiga makofi. Nikafunua, nikabonyeza.

Kile kilikuwa kitufe cha kukata umeme wa jengo zima moto ukitokea.

Taa zikazima, viyoyozi vikakata roho, vitaa vyote vya makabati vikafa kwa pamoja. Na Abu Khalid, mwenye kampuni, ambaye alichelewa kidogo na ndiyo kwanza ameingia kwenye lifti na wageni wake watatu kuwapitisha kwanza ofisini juu, akasimama hewani kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

Nikasikia mlio wa kengele ya lifti, mtu anagonga, na ajabu ni kwamba hapo akili yangu ikarudi yote. Kwa sababu lifti naijua. Lifti kila mlinzi wa jengo lile alifundishwa, funguo yake ya pembe tatu ilikaa kwenye meza yangu mlangoni. Nikashuka ngazi gizani nakimbia na helmeti yangu, nikapita katikati ya wageni, nikachukua funguo, nikapanda tena, nikafungua mlango wa nje kisha wa ndani, nikaona jozi nne za viatu zimepangana usawa wa kifua changu. Nikawaambia wakae chini, wanishike mabega, wateremke mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Abu Khalid mwenyewe. Nikampokea kama mtoto.

Akajipangusa kanzu, akaitazama ile helmeti. "Wewe ni zimamoto?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe ni nani?"

Mudir alikuwa ameshafika, amekuwa mwekundu kama juisi ya rozela, anasema visa yangu imekwisha, khalas, leo leo napanda ndege. Nikavua helmeti nikasema yote, palepale kwenye ngazi, pikipiki nyekundu, Morogoro, mia na themanini, kulala nayo chumbani. Abu Khalid alisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Kisha akamgeukia mudir akamuuliza: "Na wewe ulimhoji?"

"Ndiyo."

"Akajibu vizuri?"

Mudir akajibu: "Vizuri sana."

Abu Khalid akakaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni, akicheka anamshika mgeni wake goti, anasema "analala nayo, wallahi, analala nayo", na wale wengine nao wakaanza, mpaka na mudir, masikini, akacheka kwa lazima kwanza kisha kwa kweli.

Umeme ukarudishwa, Joy akampigia Biju aliyekuwa kwenye harusi yake (ngoma zinasikika kwenye simu), Biju akamsomea maneno machache, Joy akayaandika kwenye kompyuta, Apache ikaamka. Dakika tano. Dada wa watu alikuwa amesoma mambo hayo chuoni kwao na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwezi uliofuata alihamishiwa juu, kwenye kazi ya kukaa, na alistahili. Mimi nilirudi mlangoni. Abu Khalid kila akipita alikuwa ananisalimia kwa kukanyaga chini na mguu, kama anapiga kiki, na wageni wake wanashangaa.

Jioni ile nikampigia Mzee Mkude kabla Mwanaidi hajanitangulia. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mkubwa."

"Baba, mimi si mkubwa. Mimi ni mlinzi. Nasimama mlangoni, nafungua mlango. Leo nimetoa watu kwenye lifti."

"Watu wangapi?" akauliza.

"Wanne."

"Waliumia?"

"Hapana, baba."

"Sasa hiyo ndiyo kazi ninayoielewa," akasema. "Ile nyingine nilikuwa nawaambia watu tu, mwenyewe sijui ni kitu gani." Tukaongea nusu saa nzima, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akiniuliza kama nakijua kitu, kwanza namuuliza ni kipi hasa anachotaka, kinafanya nini, kina magurudumu au hakina. Watu wananiona mzito wa kuelewa. Na waone hivyo hivyo.