Nyumba Niliyoiandika Salama

Mwaka ule dengi ilipoingia Handeni, mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Nilipita nyumba kwa nyumba na tochi, namulika mapipa na ndoo, na palipo na viluwiluwi wa mbu naamuru maji yamwagwe. Kwetu, ambako watu wanaamka alfajiri kufuata maji lamboni, heri umwambie mtu achome shamba lake. Niliitwa mchawi, nikaitwa mtoto asiye na adabu. Sikujali. Nilisimama pale mpaka ardhi inywe tone la mwisho, na sitaficha, nilijiona mtu.

Halafu nikafika kwa mama.

Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na mama alikuwa ndani anakaa eda. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alishuka kutoka Dindira kumpikia na kumliwaza mpaka siku ziishe. Kutwa nzima walikaa chumba kimoja, na pembeni lilikuwapo pipa la bluu ambalo baba alilijaza kwa baiskeli, dumu baada ya dumu, wiki ile aliyoanguka. Mama alikataza lisiguswe. Maji ya kupikia waliletewa na majirani.

Nilifunua ubao, nikamulika. Viluwiluwi walikuwa wanacheza.

"Mama, haya itabidi yamwagwe."

"Yamwagwe! Hayo ndiyo maji ya mwisho ya baba yako. Ukiyamwaga mimi nibaki na nini?"

Mama mdogo akacheka. "Mwache dada yangu, mwanangu. Usiku si tunalala kwenye chandarua?"

Nilijua mbu wa dengi anauma mchana. Nilikuwa nimelisema hilo kwenye kila mlango. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilirudisha ubao wenye nyufa, nikaandika kwenye karatasi yangu kwamba nyumba ile ni salama.

Wiki ya tatu baada ya hapo mama mdogo akashikwa na homa, macho yanamuuma kwa ndani. Kipimo cha malaria kikasema hana. Siku ya nne fizi zikaanza kutoa damu, tukamkimbiza hospitali Korogwe, na huko ndiko alikofia. Tulimpandisha Dindira akiwa kwenye sanda. Mama hakwenda kumzika mdogo wake, kwa sababu eda ilikuwa haijaisha.

Niliporudi kutoka mazikoni nililifunika pipa kwa kipande cha chandarua, nikakaza kwa kamba ya katani. Mama hakupinga. Ilinichukua dakika tano, na ningeweza kufanya hivyo siku ile ile ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza kitu. Karatasi yangu ilishakwenda wilayani. Mpaka leo nikisikia mbu mchana naacha ninachofanya namtafuta, na simpati.

Siku eda ilipoisha, mama aliyachuja maji yale, akayaogea, akavaa nguo mpya. Wanawake walijaa sebuleni. Akanivuta mkono mbele yao.

"Huyu mwanangu ana huruma," akasema. "Maji ya wenzake aliyamwaga, ya baba yake akaniachia. Marehemu mdogo wangu alimsifu kwa mdomo wake. Mungu amlipe kwa alichokifanya."

Wakaitikia amina. Mama alikuwa bado ameshika mkono wangu, ananitazama, anasubiri. Nami nikaitikia.