Kindoo Chekundu cha Mama Mkwe

Naona aibu hata kuanza, lakini wenzangu wa gereji hapa Mbeya wakinisikia tu nakohoa wanapiga makofi na kucheka, kwa hiyo wacha niseme mwenyewe kabla hawajaongeza chumvi zaidi: mimi ndiye yule baba aliyeshangilia kinyesi mbele ya basi zima la abiria pale Ilula.

Mnanijua situlii. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimepasua mbao Mafinga, nimebeba magunia Makambako, nimefukuzwa kwenye mashine ya kusaga kwa sababu niliifungua nione inavyosaga (nilirudishia kila kitu, ilibaki nati moja tu). Ndiyo maana nilipopata nafasi ya gereji Mbeya nikataka kumhamisha mke wangu na binti yetu Atu kutoka Mlandege tulikokuwa tukiishi, mama mkwe, ambaye anauza nyanya kando ya barabara kuu Ilula, alikataa katakata. "Baba Atu hakai," alimwambia mwanawe. "Atawafikisha Mbeya, kesho akisikia treni inapiga honi Tunduma, huyoo, kaifuata." Na mke wangu akasema bila baraka ya mama yake hapandi basi.

Sasa, kabla ya hapo sikuwa na kazi, mke wangu alikuwa anashinda kwenye cherehani na mimi nabaki na Atu, hata miaka miwili hajafikisha, nikaanza kujiuliza, hivi mtoto anajuaje kwamba haja inakuja? Nikachukua kindoo chekundu cha plastiki, kile kifupi cha kupimia nyanya, nikazungushia kitambaa ukingoni kisimuumize, nikawa namkalisha. Mtu asiyekaa, nilikaa! Tunatazamana asubuhi nzima, namwimbia, akimaliza napiga makofi na vigelegele (ndiyo, mwanaume mzima), naye anapiga makofi. Ila kukitafuta kindoo mwenyewe bado, na hilo nilikuwa nalisubiri kuliko kazi.

Siku ya kwenda Ilula kuomba ruhusa, nilikitoa kile kindoo kwenye mfuko nikakiacha nyuma ya mlango. Mke wangu akasema, "Kichukue, atakihitaji." Nikasema hapana, mama akiona mjukuu wake anakalishwa kwenye kindoo ataniona sina hata choo cha mtoto. Uamuzi mdogo tu huo.

Tukafika. "Kamwene, mama," nikamsalimia kwa lugha ya kwao, nikainamisha kichwa. Akaitikia, akanionyesha kigoda pembeni, nyuma ya nyanya, mahali pa mkwe mwenye adabu. "Kaa hapo na mtoto, mimi na mwenzio tuzungumze." Nikakaa. Nikakaa kweli, jamani, mpaka lilipoegeshwa lori ng'ambo, likafunguliwa boneti, likatoa moshi wa rangi ambayo sijawahi kuiona. Nikamweka Atu chini, nikasogea hatua chache nichungulie. Hapo hapo basi likasimama, akina mama wakakimbilia madirishani na nyanya zao.

Nilipogeuka, Atu alikuwa katikati ya safu ya vindoo vyekundu, suruali iko magotini, amekalia kimoja kilichokuwa na nyanya nusu, amekunja uso, ananitazama mimi. Nami sikuona nyanya. Niliona mtoto kakitafuta kindoo mwenyewe! Nikarusha mikono juu, makofi, vigelegele, wimbo wetu wote mpaka mwisho, Atu naye anapiga makofi, na abiria wengine wakapiga bila kujua wanashangilia nini.

"Kuna nini huko?" akauliza dada mmoja dirishani.

"Mtoto anakunya kwenye nyanya!"

Simu zikatoka. Nyanya zikaanza kurudishwa dirisha kwa dirisha, hata za majirani. "Wewe mkwe wa watu, umetuulia soko!" Konda akapiga bodi la basi: "Twende, twende, hapa leo wanauza na mbolea yake!"

Basi likaondoka. Lori nalo lilikuwa limeshawaka, dereva akanihurumia, "Kaka, panda nikusogeze." Miguu iliniwasha, nawaambieni ukweli. Lakini nilijua nikipanda lile lori, Mbeya naenda peke yangu. Nikarudi kwenye kigoda.

Mama mkwe alimsafisha mjukuu wake, akamwaga zile nyanya mtaroni, akaja kusimama mbele yangu.

"Nani kamfundisha kushusha suruali na kutafuta kindoo?"

"Mimi, mama."

"Wewe? Ulikaa?"

"Kila asubuhi, mama. Nilitafuta njia nyingine, haipo."

Akanitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikampata mpaka akamshika jirani yake asianguke. "Huyu mke wako alinikojolea mgongoni mpaka miaka mitatu!"

"Mama!" mke wangu akafunika uso.

"Haya, nendeni Mbeya. Ila wewe huondoki hapa mpaka nyanya hizi ziishe."

Nikaosha vindoo vyote, vyake na vya majirani, nikauza mpaka jua likazama, huku kila muuzaji akiniita Baba Mbolea.

Sasa tuko Mbeya. Atu ana poti la dukani, la njano, lina kichwa cha bata, na tukienda Ilula kumsalimia bibi yake linaingia kwenye mfuko kabla ya nguo. Bado namshangilia mwanangu kwa kila jipya analoliweza, siachi. Ila nimeapa, kwanza naangalia amekalia nini.