Nilivuka Mlango Bila Dada

Juzi ofisini vijana walikuwa wakilalamikia magemu ya Kijapani, yale ya steringi, yaani shujaa mkuu, na wenzake wanaozunguka dunia wakipigana na madudu. Eti pa kusevu, pa kuhifadhi ulipofikia, pako mbali mno, eti kila hatua mbili adui anakurukia, eti maongezi hayarukiki. Wakaniuliza kama nayajua. Nikasema siyajui, nikatoka nje. Nayajua sana, ndugu yangu, na lipo moja linalonichoma mpaka leo.

Tulikuwa tukikaa Temeke, nyumba ya kupanga. Baba alikuwa kibarua kwenye yadi ya magari Kurasini, na siku moja mteja akamwachia mashine ya gemu iliyokutwa ndani ya gari lake lililotoka Japani. Ilikuja na sidii moja na kadi ya kusevia yenye nafasi moja tu. Maandishi yote ya Kijapani. Mimi na dada tulijua vitu kwa mahali vilipokaa kwenye kioo: cha juu kupigana, cha tatu dawa. Gemu likiuliza swali, tunabonyeza jibu la juu, mambo yanaendelea.

Dada alikuwa na selimundu. Wenzake wakicheza rede uani, yeye alikaa kwenye mkeka na padi ya gemu mkononi, harufu ya mihogo ya kukaanga ya jirani ikiingia dirishani. Nilimwoshea vyombo vya zamu yake ili azidi kupigana na vyura wa msituni, mamia kwa mamia, timu ipande levo, izidi nguvu. Umeme ukikatika kabla hatujafika pa kusevu, kazi ya alasiri nzima imepotea. Mimi nililia, yeye alicheka tu. Dawa kubwa za timu alikataza kabisa zisiguswe, akisema ni za bosi wa mwisho, adui mkuu wa gemu.

Tulipofika kwenye ngome ya bosi huyo, maumivu ya mifupa yakamzidi dada, ikabidi alazwe. Kabla hajaondoka aliniita.

"Usivuke ule mlango bila mie," akasema. "Bado hatuna nguvu."

Siku ya tano nikavuka. Nilitaka akirudi nimpe habari kwamba bosi kafa. Mlangoni gemu likauliza swali, nikabonyeza la juu kama kawaida. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba lilikuwa linauliza kama niko tayari, maana ukishavuka huwezi kurudi. Ndani hamna duka, hamna vyura wa kutupandisha levo, na adui wa kwanza tu alituacha hoi. Nikazimaliza dawa zote kubwa. Nikaona pa kusevu, nikasevu juu ya kazi yetu ya mwaka mzima, ikafutika.

Dada aliporudi alikitazama kioo. Akaujaribu mlango, haukufunguka. Akajaribu kupigana, tukafa. Siku tatu alijaribu, na siku zote tatu tukafa. Mimi nilijificha jikoni kwa mama, ambaye hakuelewa gemu gani la kumliza mtoto kiasi kile.

"Njoo," dada akaniita. "Tunaanza upya. Najua hukukusudia."

Tukaanza upya, kijijini kwa steringi, na yale maongezi marefu ambayo hatukuelewa hata neno. Zilipita wiki tano. Tulikuwa tumefika mji wa pili alipolazwa tena, na safari hii hakurudi. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Nyumba ile imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Mashine sijui ilikwenda wapi. Watu huniambia nilikuwa mtoto, na kweli nilikuwa mtoto, lakini hainisaidii kitu. Dada alizitumia wiki zake za mwisho kupigana na vyura wale wale aliokwisha kuwaua, kwa sababu yangu. Na hata katika wiki hizo nilikuwa nikimnyang'anya padi, nikimwambia zamu yake imekwisha.