Noti ya Juu ya Racine

Kwenye basi la bendi ya matarumbeta na ngoma, mpiga solo hakuwa mtu wa maneno. Alikaa nyuma ya dereva, kipande cha kupulizia cha tarumbeta lake amekibana kwapani kipate joto, midomo akiipaka mafuta ya mgando kwa kidole kidogo. Lorraine, mpiga matoazi, uwanjani alisimama nyuma yake, na aliijua pumzi yake kwa kutazama kola tu. Jioni moja mjini Racine, jukwaa la watazamaji limefurika, alisogea mbele, akainua tarumbeta, na alipoikaribia noti ya juu mdomo wake ukapasuka. Damu ikachuruzika kwenye glavu nyeupe. Sauti haikutoka. Lakini tarumbeta hakuishusha, maana katika bendi yao haishushwi bila amri, na vidole vikaendelea kubonyeza. Ndipo wazee jukwaani, waliokariri solo ile miaka mingi, wakaiimba wao, na noti ya juu wakaifikia kwa kupasua koo.

Waliporudi kwenye basi, mpiga solo alimgeukia Lorraine. “Nimewaangusha, eti?”

“Paka mafuta yako huko.”

Siku hizi wazee walewale wakibishana juu ya wapiga solo, hawakosi kusema, “Ile ya Racine, bwana. Noti kama ile sijaisikia tena.” Lorraine huitikia kwa kichwa. Hata yeye ameanza kuikumbuka, ikitoka kwenye tarumbeta.