Nilifunga mixer ya shower kinyume, na mama mkwe ndiye aliyeungua

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mzee wa Busia. Haya sijayatia chumvi, na kosa lilikuwa langu.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa clearing ya mizigo hapa border. Nikanunua mixer ya shower, ile ya kuchanganya maji moto na baridi, kule Malaba, nikaifunga mwenyewe. Nilikuwa na form four, nikaona fundi wa nini.

Nilipofungua maji, koki nyekundu ikatoa baridi, ya buluu ikatoa moto. Nilikuwa nimepishanisha mabomba ndani ya ukuta, na tiles zilikuwa zimeshakauka.

Valvu ya kufungia maji nje, pia sikuweka.

Nikawaambia watu wa nyumbani, "Buluu ndiyo moto, zoeeni." Wakazoea.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Chakol kutibiwa mguu.

Wa kwetu mnajua, wewe na mama mkwe hamkaribiani. Hata mkono humpi, sembuse kumtajia habari za kuoga. Nilitaka mke wangu amweleze, nikasahau kumwambia.

Asubuhi moja mke alivuka mpaka kwenda Uganda kununua ndizi. Mimi nilikuwa uani nikichochea kuni chini ya pipa linalopeleka maji moto bafuni. Yalikuwa yanatokota.

Nikasikia komeo la bafu. Mama mkwe alikuwa ndani.

Mtu mwangalifu huanza na baridi. Angefungua buluu.

Kumpigia kelele mkwe akiwa bafuni, mila hairuhusu. Nikakimbia kwa jirani, Mama Akinyi, aliyekuwa akifua.

"Mwambie mama asiguse buluu."

"Si umwambie wewe? Mdomo unao."

"Ni mkwe wangu."

Akaacha beseni. Hatukuwa tumefika mlangoni tuliposikia mayowe.

Ndani kulikuwa na mvuke, mama hakuliona komeo. Mama Akinyi akasukuma, mlango ukakataa. Nami nimesimama nimeangalia ukuta.

"Mzee, vunja. Aibu utaiona kesho."

Nikaupiga teke nimefumba macho, nikageuka. Mama Akinyi akamtoa amefunikwa leso, bega lote limebabuka.

Jioni mke wangu alitoka kumwona mama hospitali akaniambia, "Mama anasema alisikia viatu vyako vikipita dirisha la bafu mbio, kabla hajafungua maji. Anauliza ulikuwa unaenda wapi."



Wiki hiyo nilivunja ukuta, nikaita fundi. Alama ya begani mama alizikwa nayo miaka mingi baadaye.

Nilichojifunza: ukijua kuna hatari, sema, hata kama mila inakuziba mdomo. Utovu wa heshima ungeombewa msamaha baadaye.

Wenye wakwe, ninyi mngepiga kelele pale dirishani? Semeni ukweli, msinionee huruma.